Istilahi za Chipu za Kumbukumbu: Haja ya Safu ya Tatu

Orodha za istilahi tulizozizoea zina safu mbili. Kushoto huandikwa neno la Kiingereza, na kulia neno la Kiswahili lililopendekezwa au lililokwisha kusanifiwa. Kwa fani nyingi mpango huu umetufaa. Mwalimu anayetafuta jina la mfupa, au karani anayetafuta jina la cheo, hupata haja yake papo hapo, kwa kuwa mfupa na cheo ni vitu anavyovijua tayari. Alichokikosa ni jina tu. Lakini zipo fani ambazo msomaji hakijui kitu chenyewe, wala hana njia ya kukitazama kwa macho. Hapo neno ndilo linalomfundisha kitu, nalo likiwa limepinda, elimu nayo hupinda.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za fani moja ya namna hiyo, yaani chipu za kumbukumbu za kompyuta na ufundi wa kuziunda. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayoonekana katika tafsiri za fani hii haitokani na uhaba wa maneno ya Kiswahili. Inatokana na kukosekana kwa safu ya tatu, safu ya kueleza kitu kinafanya nini.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la wahandisi peke yao. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, mkataba wa kununua kompyuta za shule au za halmashauri waweza kusomwa na hakimu kwa Kiswahili, neno kwa neno. Neno lenye maana mbili katika mkataba ni mlango wa hasara. Kadhalika mwalimu wa sekondari, ingawa kitabu chake ni cha Kiingereza, aghalabu hulazimika kueleza somo kwa Kiswahili ili darasa limfuate; naye hutumia neno lililo karibu, liwe limenyooka au limepinda.

1. Kitu chenyewe

Kabla ya kuhukumu majina, yafaa tukumbushane kitu chenyewe. Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya Bell nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifanikisha transista ya kwanza. Wao na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha kwamba saketi nzima yaweza kuundwa katika kipande kimoja, na mwaka 1959 Robert Noyce wa Fairchild akabuni njia ya kuiunda juu ya silikoni na kuziunganisha sehemu zake kwa mistari ya metali iliyolazwa juu yake.

Katika zama hizo kumbukumbu ya kompyuta haikuwa chipu. Ilikuwa vipete vidogo vya feriti vilivyotungwa katika nyaya mfano wa shanga. Kila kipete kilishika biti moja kwa usumaku, na umeme ulipokatika kiliendelea kuishika. Hilo la mwisho tulitie akilini.

Mwaka 1966 Robert Dennard wa kampuni ya IBM alibuni seli yenye transista moja na kapasita moja tu, na hataza yake ikatolewa mwaka 1968. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilitoa sokoni chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024. Seli zake zilikuwa za transista tatu, lakini kanuni ilikuwa ile ile ya kutunza chaji ya umeme. Kapasita iliyojaa husomwa kuwa alama moja, na iliyo tupu husomwa kuwa alama nyingine. Ila kapasita hiyo ni ndogo mno nayo huvuja, kama mtungi wenye ufa. Kwa sababu hiyo hapana budi kila seli isomwe na kujazwa upya, kwa kawaida katika kila kipindi cha milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa kila sekunde. Tena kitendo chenyewe cha kusoma huivuruga chaji, hata ikabidi kilichosomwa kiandikwe upya. Umeme ukikatika kazi ya kujaza husimama, na yaliyokuwamo hupotea.

Chipu za namna hii ndizo zilizoviondoa vipete vya feriti. Jina halikubadilika, ilhali tabia ya kitu ilikuwa imegeuka kinyume.

2. Kumbukumbu

Neno "kumbukumbu" limekwisha kuenea, wala hatudhani kwamba linaweza kuondolewa. Hata hivyo tulipime kwa matumizi ya Kiswahili chenyewe. Kila barua ya serikali hubeba juu yake maandishi "Kumb. Na.", na kila mtumishi ajua kwamba kwa namba hiyo barua itapatikana katika jalada hata baada ya miaka ishirini. Kumbukumbu za kikao ni maandishi yanayothibitishwa na kutiwa saini ili yasibadilike. Siku ya kumbukumbu huadhimishwa ili jambo lisisahaulike. Kwa mtumishi wa ofisi, basi, kumbukumbu ni kile kilichowekwa kisipotee.

Sasa mtumishi huyo huyo anaambiwa kwamba waraka anaouandika "umo katika kumbukumbu ya kompyuta". Kwa Kiswahili chake amekwisha kuhakikishiwa kwamba uko salama. Kwa kweli ameambiwa kinyume: waraka umo katika mtungi unaovuja, na umeme ukizimika kabla haujahifadhiwa, jalada litakuwa tupu.

Kiswahili hakikukosa njia ya kutenga mambo haya mawili. Neno "hifadhi" lipo, na matumizi yake ni ya kale. Mwanafunzi wa chuoni aliyeiweka Kurani yote moyoni husemwa kwamba ameihifadhi, naye huitwa hafidhi. Yaani hata katika mambo ya moyoni, "kuhifadhi" ni kuweka mahali pasipovuja. Kwa hiyo pahali pa kudumu pa kuwekea data paitwe "hifadhi", kama wengi wanavyokwisha kupaita, na lisitumike "kumbukumbu" kwa pahali hapo.

Ama kuhusu chipu zenyewe, pendekezo letu ni kwamba "kumbukumbu" libaki kuwa neno mama, lakini katika maandishi rasmi lisitembee peke yake. Liandamane na kivumishi: "kumbukumbu tete" kwa ile inayopotea umeme ukikatika, na "kumbukumbu dumivu" kwa ile inayobaki. Neno "tete" twalitumia kila siku tusemapo kwamba hali ni tete, nalo lina maana ya kitu kisichoweza kuachwa bila uangalizi. Na chipu ya Dennard ndivyo ilivyo hasa. Wapo wanaoandika "kumbukumbu ya muda". Jina hilo halitoshi, kwa sababu halisemi ni muda gani wala muda huo unategemea nini. Msomaji aweza kudhani ni wiki mbili, kama kibali cha muda.

Tuchukue mfano wa zabuni. Halmashauri yaandika: kompyuta 40, kila moja iwe na kumbukumbu ya 256. Muuzaji aleta kompyuta zenye kumbukumbu tete ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 256. Mnunuzi alikuwa na nia hiyo? Huenda. Lakini muuzaji mwingine aliyesoma maneno yale yale aweza kukokotoa bei kwa kumbukumbu tete ya gigabaiti 256, akashindwa katika zabuni kwa bei yake kubwa, na kisha akalalamika kwa haki. Na je, yule wa kwanza angeleta gigabaiti 2 badala ya 4, mnunuzi angemshitaki kwa neno gani?

Kosa jingine la namna hiyo ni kuchanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti nane. Waundaji wa chipu hutaja ukubwa wa chipu kwa gigabiti, na wauzaji wa kompyuta hutaja kwa gigabaiti. Chipu ya gigabiti 16 ni gigabaiti 2 tu, na chipu nane za namna hiyo zikipangwa katika ubao mmoja ndizo zinazofanya gigabaiti 16. Katika vifupisho tofauti yote imo katika herufi moja, ndogo au kubwa, nayo hupotea mara tu mpiga chapa anapoamua kuandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Maneno "gigabiti" na "gigabaiti" yakiandikwa kamili hayana hatari hiyo. Mfasiri wa zabuni na ayaandike kamili.

3. Bahati nasibu na mtungi unaovuja

Kumbukumbu tete iliyo kuu hujulikana kwa herufi DRAM, nazo zabeba dhana mbili zilizofasiriwa vibaya.

Dhana ya kwanza ni ile iliyofasiriwa kuwa "ufikiaji nasibu". Kila mtu katika nchi yetu ajua nasibu ni nini: ni bahati nasibu. Tafsiri hii yamfanya msomaji aone mashine inayochomoa data kama mtu achomoavyo tiketi katika kapu, asijue itatoka ipi. Ukweli ni kinyume cha hayo. Maana yake ni kwamba mashine hufika katika seli yoyote iitakayo, kwa anwani yake, kwa muda ulio takriban sawa, pasipo kupitia zile zilizotangulia. Anayekumbuka kanda ya kaseti atafahamu: wimbo wa tano haukupatikana ila kwa kuipeleka kanda mbele, ukapita ile minne. Kumbukumbu ya chipu haina safari hiyo. Tafsiri ya kufaa ni "ufikiaji huru". Aliyeandika "nasibu" alitafsiri neno la hesabu za takwimu, ambako nasibu ni sahihi, akalihamishia katika fani ambayo si mahali pake. Safu mbili za orodha hazikumwonya, kwa sababu upande wa kushoto neno la Kiingereza ni moja.

Dhana ya pili ni ile iliyofasiriwa mara kuwa "yenye nguvu", mara "badilifu", na mara "hai". Nguvu haimo hapa. Wala mabadiliko siyo yanayoitenga, kwani kila kumbukumbu inayoandikika hubadilika. Kinachoitenga ni ule mtungi unaovuja na ulazima wa kuujaza. Kiswahili kina kitenzi "kuhuisha", yaani kurudishia uhai kitu kinachofifia. Twapendekeza "kumbukumbu ya kuhuishwa". Ile aina nyingine ya kumbukumbu tete, ambayo seli yake ina transista kadhaa zinazoshikana zisibadilike maadamu umeme upo, yaweza kuitwa "kumbukumbu tulivu". Mwanafunzi akisikia majina haya mawili kwa pamoja amekwisha kujifunza nusu ya somo: moja yahitaji kuhuishwa, nyingine imetulia.

4. Flashi

Mfano huu ni wa namna nyingine, kwa maana hapa jina la asili lenyewe halikutokana na kazi kuu ya kitu. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alitoa chipu dumivu iliyoweza kufutwa na kuandikwa tena, lakini ili kuifuta ilibidi kuichomoa na kuiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, mwanga ukipita katika kidirisha kidogo kilicho juu yake. Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani ndiye aliyebuni chipu dumivu ambayo hufutwa kwa umeme, fungu zima la seli kwa mkupuo mmoja. Alitoa taarifa yake mjini San Francisco mwaka 1984, na mwaka 1987 ikafuata aina ya pili, iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika simu na kadi za leo. Jina la mweko lilitolewa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa sababu ufutaji ule ulimkumbusha mweko wa taa ya kamera. Yaani jina latokana na namna kitu kinavyofutwa, wala si kinavyotunza.

Katika Kiswahili cha leo "flashi" ni kile kijiti kinachochomekwa katika kompyuta. Mafundi wa simu nao wana kitenzi "kuflashi", kwa maana ya kufuta programu ya simu na kuipakia upya. Na bila ya kusoma kitabu chochote, mafundi hao wamelirudisha neno karibu na asili yake, ambayo ni kufuta. Wapo wanaopendekeza "kumbukumbu ya mmweko". Sioni faida yake. Ni tafsiri ya tashbihi ya mtu mmoja wa Japani aliyeiona kamera, na msomaji wetu haoneshwi nayo lolote analoweza kulitumia. Neno "flashi" limekwisha kupokewa, latamkika, nalo lakubali sarufi yetu. Libaki. Lakini safu ya tatu iseme lisiloweza kusemwa na jina: kwamba elektroni hufungiwa ndani ya kihami, hivyo hubaki humo miaka mingi pasipo umeme, kwamba seli huandikwa kurasa kwa kurasa lakini hufutwa fungu zima kwa mkupuo, na kwamba kila ufutaji hukichakaza kihami kidogo, hata fungu likafikia kuchoka. Karani anayeweka nakala pekee ya daftari la ardhi katika flashi moja ana haki ya kuambiwa hilo la mwisho. "Dumivu" si "ya milele".

Kwa hiyo kipimo chetu si kwamba kila neno lazima liwe la asili ya Kibantu au la Kiarabu. Neno la kutoholewa lafaa kabisa endapo halidanganyi. "Nasibu" ni la Kiswahili cha siku nyingi nalo ladanganya. "Flashi" limekuja juzi wala halidanganyi.

5. Maneno ya kiwandani

Ufundi wa kuunda chipu waonekana kuwa mbali nasi, lakini hauko mbali tena kama zamani. Nyeri nchini Kenya, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pana kampuni ya nusukipitishi, na wanafunzi wa uhandisi wanaosema Kiswahili wanaingia katika fani hiyo. Tuyatazame baadhi ya maneno.

"Nusukipitishi" lenyewe lina ila: mwanafunzi aweza kudhani kwamba ni kitu kinachopitisha nusu ya umeme. Sivyo. Ni kitu ambacho upitishaji wake waweza kuongozwa, kwa joto, kwa mwanga, kwa volteji, au kwa kukitia atomu chache za elementi nyingine. Lakini ila hiyo imo katika Kiingereza vilevile, na neno limekwisha kuingia vitabuni. Kulibadili sasa kutaleta hasara kuliko faida. Lisahihishwe kwa maelezo.

Kile kitendo cha kutia atomu chache za boroni au fosforasi ndani ya silikoni kimefasiriwa mahali fulani kuwa "kuchafua". Tafsiri hii inamchanganya msomaji, kwa sababu silikoni kwanza husafishwa kwa kiwango kisicho na mfano katika viwanda vingine, kisha mtu anaambiwa kwamba huchafuliwa. Mpishi wa Kiswahili ana neno lake. Mchuzi hukolezwa: chumvi kidogo, kwa kipimo, kwa makusudi, ili upate tabia inayotakiwa. Silikoni nayo "hukolezwa".

Neno "chipu" latumiwa kwa vitu vitatu tofauti, na huu ni mkanganyo ulioenea. Kwanza ni mche wa silikoni, mfano wa mche wa sabuni, unaovutwa polepole kutoka katika silikoni iliyoyeyuka kwa njia aliyoigundua Mpoland Jan Czochralski mwaka 1916. Mche hukatwa visahani vyembamba, ambavyo katika viwanda vikubwa vya leo vina kipenyo cha milimita 300. Juu ya kila kisahani huundwa mamia ya saketi, kisha kisahani hukatwa vipande. Kipande kikifungashwa na kutiwa miguu ya kupitishia umeme ndipo huwa chipu ya kuuzwa. Mfasiri anayeandika kwamba kiwanda fulani hutoa "chipu laki moja kwa mwezi", ilhali matini yasema visahani laki moja, amekosea mara mamia. Majina "mche", "kisahani", "kipande" na "chipu" yatosha, na yote tunayo.

Si vipande vyote vya kisahani huwa vizima. Uwiano wa vilivyo vizima kwa vyote ndio unaoamua kama kiwanda kitapata faida. Tumeona uwiano huo ukiitwa "mapato", hata ripoti ikasomeka kana kwamba yazungumzia fedha. Mkulima atasema "mavuno", na mkulima amesema sawa: umepanda mashimo mia, yameota themanini.

Tuje kwenye mwanga. Michoro ya saketi huchapwa juu ya kisahani kwa mwanga, na kadiri wimbi la mwanga lilivyo fupi ndivyo mchoro uwezavyo kuwa mdogo. Kwa miaka mingi kilichotumika ni urujuanimno wa nanomita 193. Siku hizi viwanda vya mbele hutumia pia mwanga wa nanomita 13.5, ambao hutolewa kwa kupiga matone ya bati kwa leza mara 50,000 kwa sekunde. Hewa na kioo huufyonza mwanga huo, kwa hiyo kazi yote hufanyika katika ombwe na kwa vioo vya kuakisi. Kampuni moja tu duniani, ASML ya Veldhoven nchini Uholanzi, ndiyo inayounda mashine zake. Samsung ilitangaza kuutumia katika kumbukumbu za kuhuishwa mwaka 2020, na SK hynix mwaka 2021.

Huu nao tuuiteje? Waliounda "urujuanimno" walilitumia "mno" mapema, wakaimaliza akiba. Sasa ulipokuja urujuani uliopita ule wa kwanza, mfasiri hana pa kupanda: ataandika "urujuanimno mno"? Lipo fundisho hapa kwa waundaji wa istilahi: neno la kukithirisha lisitumike mahali ambapo sayansi yaweza kusonga mbele. Kwa sasa twapendekeza "urujuanimno wa ukingoni", kwa kuwa mwanga huo uko ukingoni mwa urujuanimno, unapopakana na eksirei.

Kisha nanomita. Magazeti huandika "chipu ya nanomita 3", na mfasiri mwenye bidii huongeza "yenye upana wa". Hapo ametia uongo uliokuwa haumo. Zamani namba ya namna hiyo ilikaribiana na kipimo halisi cha sehemu fulani ya transista. Siku hizi ni jina la kizazi cha ufundi. Katika kizazi kilichoanza kuundwa kwa wingi na TSMC mwishoni mwa mwaka 2022 kwa jina hilo, umbali kutoka lango la transista moja hadi la jirani yake ni makumi ya nanomita. Waundaji wa kumbukumbu za kuhuishwa wameacha hata kutaja namba kamili. Wao huandika 1x, 1y, 1z, kisha 1a, 1b na kuendelea. Tafsiri ya uaminifu ni "kizazi kiitwacho cha nanomita 3". Neno "kiitwacho" ni fupi nalo laokoa ukweli.

Mwisho ni ile kumbukumbu ambayo seli zake hazikutandazwa chini bali zimejengwa kwenda juu. Samsung ilianza kuiuza mwaka 2013 ikiwa na safu 24 za seli, na mnamo Novemba 2024 SK hynix ilitangaza kuunda kwa wingi yenye safu 321. Imeitwa "kumbukumbu ya pande tatu", jina linalomletea msomaji picha ya pembetatu. Mjini kiwanja kikiwa kidogo watu hujenga ghorofa. "Kumbukumbu ya ghorofa" haihitaji maelezo marefu.

6. Safu ya tatu

Tunaelewa pingamizi zitakazotolewa. Orodha yenye maelezo ni ndefu, uchapaji wake ni ghali, na wataalamu wa kuyakagua maelezo ni wachache. Yote ni kweli. Lakini gharama ya orodha fupi tunailipa kila siku, ila hatuiandiki katika vitabu vya hesabu: katika zabuni zenye utata, katika tafsiri zinazorudiwa, na katika mwanafunzi anayetoka darasani akiamini kwamba kompyuta hucheza bahati nasibu. Wala maelezo hayahitaji kuwa marefu. Mfano wa viingizo uwe hivi:

Kumbukumbu tete: kumbukumbu ambayo yaliyomo hupotea umeme ukikatika.

Kumbukumbu ya kuhuishwa: kumbukumbu tete inayotunza kila biti kwa chaji ya kapasita, nayo hulazimika kujazwa upya mara nyingi kwa sekunde.

Kumbukumbu flashi: kumbukumbu dumivu inayofutwa kwa umeme, fungu zima kwa mkupuo, huchakaa kwa kufutwa mara nyingi.

Ufikiaji huru: uwezo wa kufikia seli yoyote kwa anwani yake, pasipo kupitia nyingine.

Hifadhi: pahali data inapowekwa ibaki, iwapo umeme upo au haupo.

Mavuno: uwiano wa vipande vizima kwa vipande vyote vya kisahani.

Kila kiingizo hapo ni sentensi moja. Aliyekiandika alilazimika kujua kitu kinafanya nini kabla ya kukipa jina, na hilo ndilo jambo tunalolitafuta. Mtu hawezi kuandika maelezo ya ufikiaji huru kisha akauita nasibu. Mkono wenyewe utakataa.

Aidha, kabla ya kikao cha kusanifu, maneno yapelekwe si kwa maprofesa tu bali pia kwa mafundi wa kompyuta na simu, ambao hushika vitu hivi kwa mikono. Wao wana "memori", wana "flashi", na wana mazoea yao ya kutenga kinachobaki na kinachopotea. Baadhi ya maneno yao hayatafaa kwa maandishi rasmi. Lakini katika yote tuliyoyahakiki hapa, kosa lililo kubwa zaidi lilitoka mezani, kwa mtu aliyekuwa na kamusi mbili mbele yake na hakuwa na chipu hata moja.

Walimu, wafasiri na maofisa wanaokutana na istilahi hizi kazini wanaombwa kutuandikia: wataje neno walilolikuta, sentensi lilimotumika, na jinsi lilivyoeleweka na wasomaji wao. Sentensi hizo ndizo zitakazotuwezesha kuijaza safu ya tatu.